Kushusha au Kutoshusha Mfumo Endeshi wa Laptopu ya Zamani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaojaribu kuirudisha laptopu kwenye mfumo endeshi wa zamani hukwama mahali palepale: mfumo mpya umeshafutwa, wa zamani umeingia nusu, Wi-Fi haionekani, na picha za miaka kadhaa hazijulikani ziliko. Ukiwauliza kwa nini walianza, hujibu kwamba mashine ilikuwa nzito. Uzito huo ndio ambao hawakuupima.

Mwongozo huu umepangwa ili upime kwanza, ukate shauri baadaye, na uiguse diski mwishoni kabisa. Hatua 5 za mwanzo hazibadilishi chochote ndani ya mashine, kwa hiyo unaweza kuzifuata hata kama hujawahi kusakinisha mfumo wowote. Maelezo mengi yanahusu Windows, kwa kuwa ndiko maswali mengi yanakotoka. Wenye Mac wana sehemu yao fupi baada ya hatua ya 9.

## Vitu vya kuandaa

- Flashi yenye ukubwa wa GB 8 au zaidi, isiyo na kitu unachokihitaji, kwa sababu itafutwa yote.
- Diski ya nje yenye nafasi inayozidi jumla ya mafaili yako.
- Kompyuta ya pili, au angalau simu yenye intaneti, ya kupakulia draiva (programu ndogo zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa vya mashine) na kusomea maelekezo wakati laptopu haina mfumo.
- Chaja nzima. Betri ya laptopu ya zamani isiaminiwe kwa kazi hii hata ikionyesha asilimia 90.
- Kebo ya data ya simu. Simu nyingi za Android zinaweza kuipa kompyuta intaneti kupitia kebo hiyo, nayo imewaokoa wengi ambao Wi-Fi yao ilipotea.
- Jina na namba kamili ya modeli, iliyoandikwa chini ya mashine au ndani ya sehemu ya betri.
- Daftari na kalamu. Skrini unayoisomea ndiyo itakayozimwa, hivyo mambo muhimu yawe kwenye karatasi.

## Hatua ya 1: Iandike kero kwa namna inayopimika

Kusema kwamba mashine ni nzito hakutoshi. Chukua saa ya simu, zima laptopu, iwashe, kisha uandike imechukua sekunde ngapi hadi kivinjari kufunguka na ukurasa wa kwanza kuonekana. Andika pia programu 2 au 3 zinazokuudhi zaidi na kinachotokea unapozifungua.

Namba hizo zina kazi mbili. Kwanza, zinatenganisha uzito wa kweli na mazoea, kwani mfumo uliobadilisha mpangilio wa vitufe huonekana mzito kwa mtu aliyezoea ule wa zamani, hata kama kasi ni ileile. Pili, mwishoni utahitaji kipimo cha kulinganisha. Bila hicho utaishia kubahatisha kama kazi yote imesaidia.

Ikiwa ulipandisha toleo siku chache tu zilizopita, subiri kidogo. Baada ya mabadiliko makubwa, Windows hupanga upya faharasa ya mafaili na kupakua masasisho kimyakimya, na kazi hizo huishika diski kwa saa nyingi. Iache mashine ikiwa imewashwa na kuchomekwa kwenye chaja usiku mmoja au mbili, halafu upime tena.

## Hatua ya 2: Tafuta kinachochelewesha

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami naiona ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote zilizobaki.

Washa mashine, iache dakika 15 bila kuigusa, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Kama ni dogo na halina safu za asilimia, panua maelezo yake. Tazama safu tatu za juu: prosesa, kumbukumbu na diski.

Diski ikiwa asilimia 100 muda wote huku prosesa ikiwa chini ya asilimia 20, umempata mhusika. Fungua ukurasa wa utendaji ndani ya dirisha hilohilo, bofya diski, na usome kama ni HDD au SSD. HDD ni diski yenye sahani inayozunguka na mkono unaosogea kutafuta data, na katika laptopu nyingi za zamani huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Diski ya namna hiyo huhudumia takribani maombi 100 tu kwa sekunde pale data inapokuwa imetawanyika, ilhali SSD ya kawaida, isiyo na sehemu inayosogea, huhudumia makumi ya maelfu. Windows ya sasa huenda vizuri zaidi ikiwa na SSD, kwa kuwa hutuma maombi madogo madogo bila kukoma, na mkono ule maskini huhangaika huku na huku. Sogeza sikio karibu na mahali unapoweka kiganja cha mkono, na ukisikia mchakacho mwembamba usiokatika wakati hujafungua programu yoyote, hiyo ndiyo sauti ya tatizo lako.

Katika hali hiyo, kushusha toleo kutapunguza maombi bila kuondoa sababu. Kubadilisha diski kuwa SSD kutaondoa sababu, na toleo utakalobaki nalo litakuwa ni lile linalolindwa.

Kumbukumbu ikiwa zaidi ya asilimia 85 kabla hujafungua chochote, mashine ina RAM ndogo kuliko mahitaji. Windows 11 huwaka kwenye GB 4, lakini ukifungua kivinjari chenye kurasa kadhaa inaanza kuhamishia data kwenye diski, na kama diski ni HDD, matatizo mawili yanazidishana. Angalia kama modeli yako ina nafasi ya kuongeza RAM au kama imechomelewa kwenye ubao mama, kwa sababu laptopu nyembamba nyingi haziruhusu kuongeza.

Prosesa ikiwa juu muda wote, panga orodha kwa safu hiyo uone ni programu gani inayoitumia. Mara nyingi utakuta antivirasi mbili zinazopigania mafaili yaleyale, au programu ya kusawazisha mafaili na seva iliyoganda. Feni inayonguruma na mashine inayochoma kiganja huashiria vumbi: prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na hakuna mfumo endeshi unaoweza kuondoa vumbi.

Mwisho, kagua afya ya diski kwa programu ya kusoma taarifa zake za ndani, mfano CrystalDiskInfo. Ikionyesha rangi ya tahadhari, au hesabu ya maeneo yaliyohamishwa (yaani yaliyoharibika na kubadilishwa na ya akiba) kuwa juu ya sifuri na kuendelea kupanda, simamisha kila kitu na uende moja kwa moja kwenye hatua ya 7. Nimewahi kupoteza jioni mbili nikiirudisha mashine kwenye Windows 7 kwa kuamini kwamba toleo jipya ndilo lililoizidia. Ilipowaka ikawa nzito vilevile, na ndipo nilipoisoma diski nikakuta mamia ya maeneo mabovu. Kusakinisha upya ni kazi ya kuandika data nyingi, na kuandika ndiko kulikokaribia kuimaliza.

Hatua hii imefanikiwa ukiweza kukamilisha sentensi hii kwa neno moja au mawili: "Kinachochelewesha mashine yangu ni..." Ukishindwa, hujawa tayari kuamua.

## Hatua ya 3: Tazama tarehe za toleo unalotaka kurudia

Mfumo endeshi usiotengenezewa tena viraka vya usalama huwaka na kufanya kazi kama kawaida, na hapo ndipo unapodanganya. Kwa upande wa Windows, tarehe ni hizi:

- Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Januari 2020.
- Windows 8.1 ilikoma tarehe 10 Januari 2023.
- Windows 10 ilitoka Julai 2015 na ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Upo mpango wa nyongeza kwa watumiaji binafsi waliojiandikisha, uliopangwa kufika tarehe 13 Oktoba 2026, nao unahitaji uwe kwenye toleo la 22H2.
- Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 na ndiyo inayoendelea kupata masasisho, mradi uwe kwenye toleo lake la karibuni.

Ubaya wa kukosa viraka ulionekana wazi Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi ndani ya siku chache. Kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla, na walioumia ni wale ambao hawakukiweka au walikuwa kwenye mfumo ambao haukuwa umetengenezewa kiraka. Anayerudi kwenye Windows 7 leo anajiweka kwa hiari yake katika kundi hilo la pili.

Usalama ukiuweka kando, bado kuna programu. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 na 8.1 ilikuwa toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Kivinjari kikizeeka, tovuti za benki na za serikali huanza kukukataa moja baada ya nyingine, na hapo lawama huangukia intaneti bure.

Kwa hiyo jiulize swali moja: je, mashine hii itaunganishwa na mtandao? Ikiwa ndiyo, Windows 7, 8 na 8.1 ziondoe kwenye orodha. Ikiwa ni mashine ya kuendeshea chombo fulani cha karakana au skana ya zamani ambayo draiva yake haikuandikwa upya, na haitaguswa na intaneti wala flashi za kuazimana, mfumo wa zamani unavumilika.

## Hatua ya 4: Hakikisha toleo la zamani linaifahamu mashine yako

Watu wengi hudhani mfumo wa zamani hukubali mashine yoyote kwa kuwa ni mwepesi. Ukweli ni kwamba mfumo hauwezi kukitambua kifaa kilichobuniwa baada yake mpaka uletewe draiva. Windows 7 haikuja na draiva za USB 3.0 wala za diski za NVMe, yaani SSD za kisasa zenye kasi zaidi. Ndiyo maana ukijaribu kuisakinisha kwenye mashine ya miaka ya karibuni, kisakinishi kinawaka vizuri, kinafika katikati, halafu kinadai draiva ya kifaa ambacho flashi yenyewe ndiyo imechomekwa humo. Kibodi na kipanya vya USB navyo vinaweza kufa papo hapo, ukabaki ukiitazama skrini.

Fanya hivi: ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, andika namba ya modeli, fungua ukurasa wa draiva na uchague toleo unalolitaka. Tafuta draiva za vitu 5: Wi-Fi, ubao mama, picha, sauti na kipanya cha kugusa. Zikikosekana za ubao mama au za Wi-Fi, toleo hilo halikuandaliwa kwa mashine yako. Usikimbilie tovuti zinazodai kuwa na draiva za kila kitu, kwa maana nyingi hukupa programu nyingine usiyoiomba.

Zikipatikana, zipakue sasa na uziweke kwenye diski ya nje. Ya Wi-Fi iwe ya kwanza.

Unaweza pia kuhifadhi draiva zilizomo kwenye mfumo wa sasa. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, tengeneza folda kwenye diski ya nje, kisha uandike amri ifuatayo ukibadilisha herufi E iendane na diski yako:

`dism /online /export-driver /destination:E:\draiva`

Draiva za Windows 11 mara nyingi hukubalika kwenye Windows 10 ya biti 64, ila si jambo la kuhakikishiwa.

## Hatua ya 5: Chunguza leseni

Ukishusha kutoka Windows 11 kwenda Windows 10 kwenye mashine ambayo hapo awali iliwahi kuwa na Windows 10 iliyoamilishwa (iliyothibitishwa leseni yake), leseni imefungamana na ubao mama na kwa kawaida hujiamilisha yenyewe utakapoingia mtandaoni. Sharti ni kwamba usakinishe aina ileile: Home kwa Home, Pro kwa Pro. Kosa hapa huonekana dogo, lakini humfanya mtu asakinishe mara mbili.

Kwa laptopu iliyouzwa ikiwa na mfumo tayari, haki ya kushuka toleo huambatana na Pro, na Home haina haki hiyo. Nakala zilizovunjwa kufuli zinazozunguka kwenye intaneti zisiguswe hata kidogo, kwani aliyeifungua kufuli anaweza kuwa ameacha mlango wake mwenyewe ndani.

## Hatua ya 6: Kata shauri

Sasa una majibu ya kutosha. Rudi kwenye daftari lako.

Kama kinachochelewesha ni HDD, badilisha diski na ubaki na toleo ulilonalo. Sioni sababu ya kujadili zaidi. Hali kadhalika RAM ndogo inayoweza kuongezwa.

Kama ulipandisha toleo juzi, na tangu hapo kifaa fulani kimekataa au skrini inazimika ovyo, wakati kabla yake kila kitu kilikuwa sawa, basi kushuka kuna maana, hasa ukiwa ndani ya siku 10 zinazoelezwa katika hatua ya 8. Hata hivyo jaribu kwanza draiva mpya ya kifaa hicho. Ni kazi ya dakika 20 dhidi ya kazi ya siku nzima.

Kama mashine haikidhi masharti ya Windows 11, yaani haina TPM 2.0 (chipu ya usalama) au prosesa yake ni ya Intel ya kabla ya kizazi cha 8, nawe uliilazimisha kwa ujanja, fahamu kwamba Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Kurudi Windows 10 kwa muda, huku umejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, ni uamuzi wa busara kuliko kuendelea kulazimisha.

Kama RAM ni GB 2 hadi 4, haiongezeki, na kazi zako ni kivinjari, barua na nyaraka, njia iliyo bora ni kwenda pembeni badala ya kurudi nyuma: mfumo wa Linux ulio mwepesi na unaopata viraka. Linux Mint 22 yenye eneo-kazi la Xfce ina masasisho hadi 2029. Faida yake kubwa kwa mtu mwenye mashaka ni kwamba unaweza kuiendesha kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski, ukajaribu Wi-Fi, sauti na skrini, kisha ukazima na kila kitu kikabaki kama kilivyokuwa. Itakuwa polepole kidogo kwa kuwa inasomwa kutoka flashi, usiihukumu kwa hilo. Kwa prosesa ya biti 32, Debian 12 ndilo toleo la mwisho la Debian lenye kisakinishi chake.

Ukijiona unataka kushuka kwa sababu tu menyu mpya imekuudhi, jipe wiki 3. Macho huzoea, nasi sote tumelalamikia kila menyu tangu kompyuta zianze kuwa na menyu.

## Hatua ya 7: Hifadhi nakala na uifungue

Hata kama umeamua kutumia njia fupi, hatua hii hairukwi.

Nakili kwenye diski ya nje folda za nyaraka, picha, video, eneo-kazi na vipakuliwa. Kisha tafuta vile vinavyosahaulika: vialamisho na manenosiri ya kivinjari, mafaili ya programu ya barua, data za programu za uhasibu ambazo mara nyingi hujificha nje ya folda zako, na fonti ulizoongeza. Programu zenye leseni ya kompyuta moja ziondolee uamilishaji kwanza, la sivyo leseni itabaki imeshikwa na mfumo ambao haupo tena.

Halafu angalia usimbaji wa diski, yaani kufungwa kwa data kwa ufunguo wa siri. Laptopu nyingi, hata zenye Windows Home, hufungwa kwa usimbaji bila mwenyewe kujua. Andika amri `manage-bde -status` kwenye dirisha la amri la msimamizi. Ikionyesha ulinzi umewashwa, tafuta ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 katika akaunti yako ya Microsoft na uuandike kwenye daftari, si kwenye laptopu yenyewe. Ukibadilisha mipangilio ya uwakaji bila ufunguo huo, mashine inaweza kukudai na kukufungia nje ya mafaili yako.

Nakala ambayo haijafunguliwa bado ni tumaini tu. Ichomoe diski ya nje, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua picha 3, waraka mmoja na video moja kutoka folda tofauti. Vikifunguka vyote, ichomoe na uiweke mbali na meza unayofanyia kazi, ili usije ukaichagua kimakosa wakati wa kufuta sehemu za diski.

## Hatua ya 8: Jaribu njia fupi kwanza

Ukipandisha toleo kwa njia ya kawaida, Windows huhifadhi mfumo wa awali katika folda iitwayo Windows.old kwa siku 10. Ndani ya muda huo, fungua Mipangilio, ingia sehemu ya mfumo, kisha ya urejeshaji, na utakuta kitufe cha kurudi toleo la awali. Mafaili yako hubaki, ila programu ulizosakinisha baada ya kupandisha toleo huondoka.

Je, siku 10 ni chache kwako? Kabla hazijaisha, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike:

`dism /online /set-osuninstallwindow /value:60`

Amri hiyo huongeza muda hadi siku 60. Onyo lililo muhimu ni moja: usiendeshe programu za kusafisha diski katika kipindi hicho, kwani folda ile ni kubwa na ndiyo huwa ya kwanza kufutwa. Ikishaondoka, kitufe nacho kimekwisha.

Chomeka chaja, bofya kitufe, na usiizime mashine hata skrini ikibaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Itawaka upya mara mbili au tatu. Ikifika kwenye skrini ya kuingilia na nenosiri lako la zamani likakubali, ruka hadi hatua ya 10.

## Hatua ya 9: Kusakinisha upya

Njia fupi isipopatikana, hii ndiyo iliyobaki, nayo hufuta diski.

1. Pakua kisakinishi kutoka kwa mtengenezaji wa mfumo wenyewe. Kwa Windows 10, programu ya Media Creation Tool hutengeneza flashi yote. Ukipakua faili la ISO (kisakinishi kizima ndani ya faili moja), hakiki kwamba halikuharibika njiani kwa amri `certutil -hashfile jina.iso SHA256`, ukilinganisha matokeo na yale yaliyotangazwa na mtoaji. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya.

2. Zima mashine, chomeka flashi na chaja, washa huku ukigonga kitufe cha menyu ya uwakaji. Hutofautiana kwa watengenezaji: F12, F9 na Esc ndivyo vya kawaida. Flashi isipoonekana, jaribu tundu jingine la USB.

3. Chagua flashi kwenye mstari ulioandikwa UEFI ikiwa mfumo wa sasa unawaka hivyo. Ukichanganya, kisakinishi kitalalamika kuhusu mpangilio wa diski, kikitaja GPT au MBR. Hapo usiibadilishe diski. Rudi kwenye menyu na uchague mstari mwingine.

4. Ukiombwa ufunguo wa bidhaa na mashine ilishawahi kuwa na leseni, chagua kwamba huna, kisha uchague aina sahihi, Home au Pro.

5. Chagua usakinishaji maalumu. Orodha ya sehemu za diski itatokea. Soma ukubwa wa kila moja kabla ya kufuta, na uhakikishe hakuna diski nyingine iliyochomekwa zaidi ya ile ya ndani na flashi. Futa sehemu za diski ya ndani hadi ibaki nafasi moja isiyogawanywa, iteue, na uendelee.

6. Mashine ikiwaka upya mara ya kwanza, ichomoe flashi. Usipoichomoa, huenda kisakinishi kikaanza upya kutoka mwanzo, na wengi hudhani wamekosea.

Umefaulu ukiona eneo-kazi tupu lenye aikoni chache na hakuna ujumbe wa kosa. Skrini kuwa na herufi kubwa kupita kiasi ni kawaida, kwa kuwa draiva ya picha bado haijaingia.

## Kwa wenye Mac

Sharti la kwanza ni kwamba Mac haishuki chini ya toleo ililotoka nalo kiwandani. Kwenye Mac yenye prosesa ya Intel, washa huku umeshikilia Shift, Option, Command na R. Utaletewa macOS iliyokuja na mashine, au iliyo karibu nayo zaidi kati ya zinazopatikana bado. Itabidi ufute diski kwanza. Mashine zenye chipu ya usalama ya T2 zinahitaji uruhusu kuwaka kutoka diski ya nje kabla hujatumia flashi, na zenye prosesa za Apple huingia kwenye urejeshaji kwa kushikilia kitufe cha kuwashia badala ya vitufe hivyo.

Tahadhari kubwa iko kwenye nakala. Nakala ya Time Machine iliyotengenezwa na toleo jipya haitarajiwi kurejeshwa nzima kwenye toleo la zamani, na maktaba ya picha iliyopandishwa toleo hukataa kufunguka nyuma. Toa picha na nyaraka kama mafaili ya kawaida. Sababu ya kweli inayowarudisha watu hapa huwa ni programu za biti 32, ambazo ziliacha kufanya kazi kuanzia macOS 10.15 ya mwaka 2019.

## Hatua ya 10: Baada ya kuwaka

Sakinisha draiva kwa mpangilio huu: ubao mama, Wi-Fi, picha, sauti, kisha vingine. Unganisha mtandao na uache masasisho yote yaingie hadi mfumo useme hakuna mengine, ukiwasha upya kila unapoombwa. Fungua ukurasa wa uamilishaji uone kama leseni imekubali. Fungua Device Manager uone kama kuna kifaa chenye alama ya njano. Kila alama ni draiva moja inayokosekana.

Kabla ya kurudisha mafaili, chukua tena saa ya simu na upime kama ulivyopima katika hatua ya 1. Kama sekunde zimepungua kwa nusu au zaidi, rudisha mafaili, sakinisha programu unazozihitaji tu, na uandike kwenye daftari tarehe ambayo toleo hili litaacha kupata viraka. Kama hazijapungua, mafaili yako bado yako salama kwenye diski ya nje na hujapoteza zaidi ya siku moja. Yaache hukohuko, urudi hatua ya 2, na safari hii uanze na diski.